Wakili wa Sokoni: Kibao cha "Mali ikiuzwa hairudishwi" kinakufunga?

Barua za safari hii nyingi zimetoka upande wa Moshi, na karibu zote ni vitu vya umeme. Nimeitanguliza ya mama wa Majengo na kuipa nafasi kubwa, kwa kuwa nikimjibu yeye nitakuwa nimewajibu wenzake wa pasi, feni na subufa. Waliobaki nitawajibu kwa kifupi, isipokuwa mkulima wa Mang'ola, maana lake ni zito.

Friji imekufa, bosi ananionyesha ukuta

"Mwanangu wakili, hujambo. Mimi ni mama mtu mzima, naishi Majengo, Moshi. Nauza juisi ya ukwaju na ya pasheni nje ya nyumba yangu, pamoja na maji ya baridi kwa vijana wa bodaboda. Mwezi wa kwanza nilinunua friji mpya ya milango miwili duka moja la mjini. Bei ilikuwa 680,000. Kijana wa kaunta akaniuliza, 'Mama, nikuandikie risiti kamili au nikupunguzie?' Nikasema nipunguzie. Nikalipa 650,000 kwa simu, risiti ya mashine ikatoka 200,000. Wiki ya tatu friji ikaacha kugandisha, inaunguruma tu na ubavuni inachoma. Nilipiga simu siku hiyo hiyo, wakasema watatuma fundi, hajaja. Nilipokwenda mwenyewe, bosi akaninyooshea kidole ukutani: 'Mali ikiuzwa hairudishwi.' Hata chini ya risiti yapo maneno hayo. Kuhusu waranti ya mwaka mmoja akasema haihusiki, eti umeme wa Majengo unarukaruka. Je, hela yangu ndiyo imekwenda?"

Shikamoo mama. Hela yako haijakwenda, ila yule bosi umempa silaha mbili za bure. Nitazifikia.

Tuanze na kibao. Mimi nimekulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yangu pale Mbuyuni, na najua kibao kile kinatundikwa kwa ajili ya nani. Si kwa ajili ya hakimu. Ni kwa ajili ya mteja mwenye haya, anayekisoma akaona aibu kubishana mbele za watu, akageuza. Wateja wa namna hiyo ni wengi, kwa hiyo kibao kinamlipa vizuri aliyekitundika.

Kisheria habari ni nyingine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaingiza katika mauzo masharti ambayo hakuna aliyeyatamka dukani. Kitu kilingane na maelezo kiliyouziwa. Kama muuzaji ndiyo biashara yake kuuza vitu vya aina hiyo, kiwe na ubora wa kuuzika. Na kama ulimweleza unakitaka kwa kazi gani, ukautegemea ujuzi wake, basi kiifae kazi hiyo. Friji mpya inayokata pumzi wiki ya tatu ina kesi ya kujibu kwenye sharti la ubora, na anayejibu ni huyo aliyekuuzia. Asikutume kwa kiwanda wala kwa wakala wa Dar es Salaam. Wewe ulipatana na yeye na fedha ulimpa yeye. Waranti ni ahadi ya nyongeza. Haimwondolei mwenye duka wajibu wake.

Sheria hiyo ya Mauzo ya Bidhaa imefuata kwa karibu sana ile ya Waingereza ya mwaka 1893, enzi ambazo watunga sheria waliona mnunuzi na muuzaji ni watu wawili wenye nguvu sawa. Ndiyo maana iliacha tundu: wakikubaliana, wanaweza kuyaondoa masharti hayo. Tundu hilo kwa upande wa mlaji limezibwa na Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, ile inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, ambayo wengi wanaijua kwa jina la FCC. Chini ya sheria hii, mkataba wa mlaji una masharti yake ambayo muuzaji hawezi kuyafuta kwa kibao. Tena kifungu cha 15 kinakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na cha 16 kinakataza kauli za uongo, ikiwemo kumdanganya mtu kuhusu haki aliyonayo juu ya kitu alichonunua. Kwa hiyo kibao chenyewe kinaweza kumtia mwenye duka matatani.

Sasa nikuambie kinachonisumbua kwenye barua yako. Ni juisi. Sheria ya 2003 inamhesabu mlaji kuwa ni yule anayenunua si kwa ajili ya kuuza tena, na inamwacha nje anayenunua kitu ili akitumie katika kuzalisha au kutengeneza bidhaa za kuuza. Bosi akipata wakili mwenye macho atasema friji yako ni mtambo wa kutengenezea juisi, kwa hiyo wewe si mlaji. Mimi ningemjibu kwamba juisi inatengenezwa na mikono yako na blenda. Friji inapooza kilichokwisha kutengenezwa, na chini yake kuna mboga na maziwa ya wajukuu. Naona hoja yangu ina nguvu zaidi, lakini siwezi kukuapia kwamba hakimu ataiona hivyo. Sikuambii ufiche kwamba unauza juisi. Nakuambia usije ukaandika kwenye barua "friji yangu ya biashara" ukadhani unaongeza uzito wa dai. Utakuwa unaupunguza.

Na hata tukishindwa hapo, tunabaki na Sura ya 214, ambayo haimbagui mfanyabiashara. Hapo swali linakuwa moja: ulikiona kibao kabla hujalipa, au baada? Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1949, Olley dhidi ya Marlborough Court, ambayo wanafunzi wa sheria wote wanapitishwa. Mama mmoja alipanga hotelini, makoti yake ya manyoya yakaibwa chumbani. Hoteli ikasema tuna tangazo: hatuhusiki na mali ya mgeni. Tangazo lilikuwa wapi? Ukutani, ndani ya chumba. Mahakama ikasema mkataba ulikwisha kufungwa kule mapokezi. Sharti lililofunuliwa baadaye halimfungi mgeni. Maneno ya chini ya risiti yana ugonjwa huo huo, maana risiti hutoka wakati fedha imeshapokelewa. Kibao cha ukutani kina nafuu kidogo kama kilikuwa wazi mbele yako wakati mnapatana bei. Jikumbushe vizuri, kwa sababu swali hilo litaulizwa.

Silaha ya kwanza uliyompa ni risiti ya 200,000. Mama yangu, ule "upunguziwe" ulikuokolea 30,000 na yeye ukamsaidia kuficha mauzo ya 450,000. Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti ya EFD, yaani ile ya mashine, ya kiasi halisi, na wewe mnunuzi inakutaka uidai. Bosi akiwa hana soni atasema friji uliinunua laki mbili. Bahati yako ulilipa kwa simu. Usiufute ule ujumbe wa malipo. Kaombe pia taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, ionyeshe jina la mpokeaji, tarehe na 650,000. Yeye ndiye atakayekuwa na kazi ya kueleza mashine yake iliona nini, na sidhani kama atapenda maelezo hayo yafike TRA, kwa watu wa kodi.

Silaha ya pili ni kwamba malalamiko yako yote ni ya mdomo. Sheria inasema mnunuzi akikaa na kitu muda wa kutosha bila kumwarifu muuzaji kwamba anakikataa, atahesabiwa amekipokea, na hapo atabaki na haki ya kudai fidia tu, si ya kurudisha na kuchukua fedha yake. Ulipiga simu mapema, umefanya jambo jema, lakini simu haina nakala. Andika leo. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe ya kununua, aina na namba ya friji iliyo kwenye kibati cha nyuma, ulicholipa, siku ilipoacha kugandisha, siku uliyopiga simu na aliyepokea, kisha unachotaka. Chagua kimoja, usiandike vitatu. Kama ni kurudishiwa fedha, sema fedha, na mpe siku 14. Peleka nakala mbili, moja wakusainie na kugonga muhuri. Wakikataa kusaini, piga picha ile barua ikiwa juu ya kaunta, na uwe umekwenda na mtu mzima wa kushuhudia.

Usimruhusu fundi wa mtaani aifungue. Najua majirani wameshakushauri kwamba ni gesi tu, itajazwa mambo yaishe. Ikishafunguliwa, bosi atasema iliharibiwa na huyo fundi. Mlete mwenye cheti, hata kutoka chuo cha ufundi cha VETA pale Moshi, aiangalie bila kugusa kompresa na akuandikie alichokiona. Na hili la umeme kurukaruka lisikutishe. Anayedai jambo ndiye wa kulithibitisha. Kama umeme uliiua friji, alete maelezo ya fundi wake, na atueleze kwa nini televisheni na blenda za nyumba hiyo hiyo zinafanya kazi. Ila kwa kanuni hiyo hiyo, ubovu wa friji ni wa kuuthibitisha wewe, ndiyo maana nang'ang'ania karatasi ya fundi.

Siku 14 zikipita kimya, una milango miwili, na unaweza kugonga yote. Tume ya Ushindani ina ofisi ya kanda hapa Arusha; wapelekee malalamiko kwa maandishi pamoja na vielelezo. Lakini kama unachotaka hasa ni 650,000 zako, mimi ningekwenda Mahakama ya Mwanzo. Madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30 yanasikilizwa pale, kwa Kiswahili, na huhitaji wakili. (Mhariri wangu ananiambia sifanyi biashara nzuri nikiandika hivi.) Ukiona unaogopa, watafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Waulize ofisi ya kata au ustawi wa jamii, watakuelekeza.

Gunia lina kofia

"Dada, mimi ni mkulima wa vitunguu Mang'ola, wilaya ya Karatu. Wanunuzi wanakuja na magunia yao, wanajaza, kisha wanashonea wavu juu wanapachika kofia. Tunaambiwa lumbesa hiyo imekatazwa, lakini nikikataa wanahamia shamba la jirani. Hizi sheria za mlaji zinanilinda mimi ninayeuza?"

Za mlaji, hapana. Katika biashara hiyo mlaji ni yule anayekwenda kununua kitunguu chako kwa fungu soko la Kilombero au la Kariakoo. Wewe unalindwa na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ambayo haijali nani mnunuzi na nani muuzaji, inajali kipimo. Mazao yauzwe kwa uzito, na mfuko wa mazao usizidi kilo 100. Wanaosimamia ni Wakala wa Vipimo, nao wapo kila mkoa.

Tupige hesabu kwa mfano. Mmepatana 120,000 kwa gunia, kichwani unafikiria kilo 100, yaani 1,200 kwa kilo. Kofia ikifikisha gunia kilo 130, kila kilo umeiuza kwa 923. Katika magunia kumi umegawa kilo 300 bure, na ushuru wa kijiji ukihesabiwa kwa gunia, kijiji nacho kimeibiwa. Kinachoniuma ni kwamba mjini yule mnunuzi anaweka mizani mezani. Lumbesa inaishia shambani.

Lakini ujue na hili: kosa halimhusu mwenye gari peke yake. Anayefungasha lumbesa naye yumo, kwa hiyo gari likikamatwa na gunia likajulikana limetoka kwako, usitegemee kuonewa huruma. Wapo wakulima wanaoshona kofia wenyewe ili mnunuzi asiwakimbie.

Hilo la "anahamia kwa jirani" sheria haiwezi kukutatulia ukiwa peke yako, na atakayekuambia inaweza anakudanganya. Nimeona sehemu mambo yakibadilika pale tu wakulima walipoweka mizani moja ya kikundi au ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kwenye njia ambayo kila gari lazima lipite, iliyohakikiwa na kuwekewa stika ya Wakala wa Vipimo, na mtendaji wa kijiji akasimama nayo. Bei ikatajwa kwa kilo. Mnunuzi aje na gunia la ukubwa anaoutaka, hata la kujaza chumba. Atalipa kilo zilizosomeka. Anzeni kwa kuandika muhtasari wa mkutano wa kijiji mkaomba halmashauri iwaletee mtu wa vipimo msimu wa kuvuna, siyo baada.

Gesi ya wiki mbili

"Wakili, nakaa Sakina na mke na mtoto mmoja. Mtungi mdogo wa kilo 6 ulikuwa unatufikisha karibu mwezi. Huu wa sasa umeisha wiki mbili. Nimeibiwa au tunapika sana?"

Kwa mtungi uliokwisha siwezi kujua, kaka, na hata wewe huwezi tena. Kwa unaofuata inawezekana kujua kwa dakika moja. Kwenye shingo ya mtungi, au ubavuni, umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Mitungi haifanani, kwa hiyo soma wa kwako. Kama umeandikwa 7.2, mtungi uliojaa usome 13.2 kwenye mizani. Kanuni za EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, zinamtaka muuzaji wa gesi awe na mizani, na wewe una haki ya kupimiwa kabla hujalipa. Angalia lakiri kwenye valvu, halafu angalia stika ya mizani kama ni ya mwaka huu, kwa sababu mizani huhakikiwa kila mwaka.

Akikuambia mizani imeharibika, nunua kwingine. Baba alikuwa na mawe ya mizani yaliyogongwa muhuri na akiyafuta vumbi kila asubuhi kabla ya kufungua, wateja wanamwona; alijua kabisa kwamba anawauzia sukari na uaminifu kwa mkupuo mmoja. Ukikuta mtungi pungufu, piga picha ya mizani na ya namba za mtungi, kisha wapelekee Wakala wa Vipimo. Na kabla hujamshuku muuzaji kwa mara nyingine, paka povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta. Povu likitoa mapovu, gesi inavuja, na hapo tatizo lako si la kisheria.

Kitenge cha mtandaoni

"Niliona kitenge cha rangi ya bluu kwenye ukurasa wa muuzaji wa Dar, nikatuma hela, kikaja kwa basi hadi stendi ya Arusha kikiwa kijani chenye maua mengine. Ananiambia 'ndizo zilizobaki dada, hata hiyo ni nzuri.'"

Uzuri si hoja. Umeuziwa kwa picha na maelezo, na kilichokuja hakilingani na maelezo. Kikatae siku hiyo hiyo kwa ujumbe ulioandikwa, usikikate wala usikipeleke kwa fundi. Piga picha ya ukurasa wake kabla hajafuta, pamoja na mazungumzo na jina lililotokea ulipotuma hela. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe na aeleze bidhaa na bei yake. Ukurasa usio na jina la mtu wala mahali alipo ndio ulipaswa kukushtua kabla ya hiyo rangi.

Na sisi wenye maduka je?

"Dada wakili, mambo. Mimi nauza magauni Mbauda, Arusha. Kila ukisoma magazeti ni haki za mteja. Juzi dada kanunua gauni Ijumaa kwa ajili ya sendofu, Jumatatu kalirudisha lina harufu ya manukato na doa la pilau, anasema haliwezi kumkaa. Nimlipe?"

Usimlipe. Gauni halina ubovu, alilijaribu dukani kwako, kalivaa, kala nalo pilau. Sheria inamlinda mtu aliyeuziwa kibovu, aliyepotoshwa au aliyepewa kisichokuwa alichoagiza. Aliyebadilisha mawazo hana dai kwako, hata kama lebo bado ipo. Ukimbadilishia ni ukarimu wako, na wenye maduka wengi wanaufanya kwa sababu unaleta wateja, lakini mahakama haiwezi kukulazimisha.

Ila kile kibao chako (najua unacho) kishushe uandike kingine: "Nguo iliyojaribiwa na kukubaliwa hairudishwi kwa sababu ya saizi au rangi. Yenye kasoro ya kiwandani ilete ndani ya siku saba ikiwa na risiti." Kiweke mbele ya kaunta usawa wa macho, mtu akisome kabla hajatoa hela. Hizo siku saba ni za kumfanya awahi, si za kumnyima haki. Zipu ikiachia siku ya nane kwa sababu ilishonwa vibaya, pokea gauni, na wewe umdai aliyekuuzia kwa jumla. Naye muulize risiti.